Kibuyu cha Mama Kilichopanda Ndege

Nyakato, Mwanza
Jumapili, baada ya misa

Kwa mdogo wangu Getruda, ng'ambo ya Kamanga.

Mimi kaka yako Ndalahwa nina miaka themanini na moja, na anayesema ni zaidi aje na kadi yangu ya kliniki, kama aliwahi kuiona. Nimeishi kuliko baba na mama. Nimeishi kuliko wake wawili, mmoja baada ya mwenzake, padri asije akaelewa vibaya. Nimeishi kuliko mameneja wote wa kiwanda cha nguo, na kiwanda chenyewe, na zile mashine za kufuma zilizokuwa zikinguruma usiku na mchana. Mashine ziliuzwa kwa kilo kama chuma chakavu, mimi bado nakula ugali na sato kwa meno yangu, yale yaliyobaki. Na wapigaji wote wa ndono, huo upinde wetu wa kibuyu, wakiwemo wale waliokuwa wakijidai wananizidi, nimewazika. Kwenye matanga yao nilipiga ndono mimi, na hakuna hata mmoja wao aliyeinuka kunikosoa.

Sasa adabu. Hujambo mdogo wangu? Najua hapo ulipofungua barua umesema shikamoo kaka, nami nimekwishaitikia, marahaba sana. Mgongo wako unaendeleaje? Yule jogoo mkorofi bado yupo au mmemla? Huku mimi mzima, goti la kushoto ndilo linalojifanya zee, viungo vingine vyote vinanitii. Binti yangu Modesta hajambo, bado anauza samaki wake pale Buzuruga. Angekusalimu, ila hajui kama nimeshaanza kuandika.

Naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Herufi zangu ni zile zile za ngumbaro, tulizofundishwa ukubwani, kila moja imesimama peke yake kama ng'ombe asiyependa wenzake. Usicheke. Wapo waliosoma mpaka chuo kikuu na mwandiko wao ni kama kuku kaparua majivu. Modesta alitaka kuniandikia nikamkatalia, kwa sababu humu ndani kuna neno ambalo si lake. Na wewe usimpe mjukuu akusomee. Miwani unayo, soma mwenyewe.

Nimeambiwa umekasirika kwamba unapiga simu sipokei, na kwamba umesema Ndalahwa sasa anajiona, hataki kuongea na ndugu zake. Getruda, simu ni kidude cha watu wasio na la kusema. Mtu anakupigia kukuuliza uko wapi. Nitakuwa wapi? Niko hapa nilipo. Ukimaliza kumjibu anakuuliza umekula nini. Sisi tumekua bila kuulizana mambo ya tumboni, na tumekua vizuri.

Lakini najua mwanangu Machibya yeye amekupata kwenye hiyo simu. Amekwambia kibuyu changu cha ndono kimevunjwa na watu wa ndege, na kwamba mvunjaji ni binti mmoja mhudumu, jina lake Odeta. Na anataka wewe, kwa kuwa ni shangazi yake na ulikuwepo mama akikiotesha kibuyu kile, uende naye mbele ya wakubwa wa ndege ukatoe ushahidi ili binti yule aadhibiwe. Usiende. Usiseme lolote mpaka umalize barua hii. Na ukiimaliza nina jambo la kukuomba, nalo ni wewe tu unayeweza kulifanya, hakuna mwingine duniani.

Mambo yalianza hivi. Winnie, binti wa Machibya, alikuwa na sendofu yake Dar es Salaam, hiyo sherehe wanayomuagia binti kabla ya ndoa. Mtoto akasema hataki chochote kutoka kwa babu yake, anataka nimpigie ndono pale mama yake atakapomkabidhi, kama nilivyompigia huyo mama yake siku anaingia kwetu. Hilo lilinionyesha kwamba katika nyumba ya Machibya yupo mmoja mwenye akili. Nikasema nitakuja kwa basi. Machibya akasema hapana, baba yake hawezi kufika mbele ya wakwe amejaa vumbi la njiani, atapanda ndege. Machibya anapenda sifa sana. Sijui amerithi kwa nani.

Basi kazi ikawa kibuyu. Wewe unakijua. Mama alikiotesha juu ya paa la jiko mwaka ule niliooa mara ya kwanza, akawa anapanda kila asubuhi kukigeuza kisilalie upande mmoja, na baba anamwambia kibuyu kina malezi kuliko watoto. Upinde wa ndono si kitu, mti na waya, fundi yeyote mjinga atatengeneza. Kibuyu ndicho ndono yenyewe. Kinafungwa kwenye upinde, kinywa chake unakibana kifuani pako pasipo na shati, na waya ukigongwa kwa kijiti sauti inaingia kifuani mwako kwanza, watu wengine wanagawiwa mabaki. Miaka yote hiyo nimekipaka samli mpaka kimekuwa cheusi kinang'aa kama paji la uso la mtu aliyeshiba. Na ukavu wake sasa ni wa ganda la yai. Modesta akakivika kanga, akakiweka kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, akanipeleka uwanja wa ndege.

Getruda, usiende pale mahali. Wanaume wazima wanavua mikanda na viatu, wanashika suruali kwa mkono, wanapita kwenye mlango usio na nyumba. Wanakubali. Watu wenye tai, wenye vitambi, wanapanga foleni kuvuliwa kama watoto wanaokwenda kuogeshwa. Mimi viatu nilivua kwa sababu vilikuwa vinanibana, si kwa sababu niliambiwa.

Kijana wa ulinzi akafungua ndoo. Alipofunua kanga akarudi nyuma hatua nzima. Unajua mambo ya huku kwetu, mtu akiona kibuyu cha zamani kinachong'aa mafuta hawazi ngoma, anawaza mganga. Akasema neno, sikulijali. Akarudia, sikujali tena, kwa sababu vijana wa siku hizi wanaongea bila kufungua mdomo kama wanaogopa nzi waingie. Ndipo Modesta, ambaye walimzuia nje ya kamba, akaniitia kwa ile sauti yake ya kuitia ng'ombe kwamba baba, anauliza ndani ya kibuyu kuna nini. Nikamjibu yule kijana hamna kitu. Ndani ya kibuyu cha ndono hamna kitu, ndiyo kazi yake.

Hakuamini. Nikamwambia basi ingiza mkono. Hakuingiza. Akamwita mwenzake, mwenzake naye akasimama mbali akichungulia kama anachungulia kisima. Nikawatazama. Mmoja ana pingu kiunoni, mwingine ana kirungu, wote wawili wanaogopa mboga iliyokauka. Halafu wakaona upinde. Modesta akapaza tena sauti kwamba wanauliza mishale iko wapi. Nikasema mishale nimeiacha nyumbani nikijua leo sitakutana na wanaume.

Wakaenda kumleta mkubwa wao, mama mmoja mnene mwenye nyota begani. Huyo alikuwa na nafuu, aliweka mkono wake juu ya kibuyu bila kutetemeka. Akasema kitu akicheka, Modesta akanifikishia kwamba anauliza kama nimekuja kuwaroga wenye ndege. Nikasema wenye ndege niwaroge wa nini, hawana ng'ombe. Akacheka mpaka nyota ikatikisika. Akanionyesha kwa mikono, haya, piga tusikie. Nikafungua shati pale pale, nikafunga kibuyu kwenye upinde, nikakibana kifuani, nikapiga wimbo wa kulimia mtama ule wa baba. Ndono ikaimba. Uwanja mzima ukageuka. Na unajua walifanya nini, Getruda? Wakatoa simu wakaniinulia usoni. Hakuna aliyetikisa hata bega. Wanataka kwenda kusikiliza kesho kitu ambacho kiko mbele yao leo. Yule mama peke yake ndiye aliyecheza kidogo, kwa shingo, halafu akawaamuru wanipitishe na kibuyu changu mkononi.

Ndani ya ndege ni kama ndani ya bomba la maji. Nimevuka ziwa hili kwa mtumbwi mawimbi yakiwa marefu kuliko nyumba, sikushika ubao. Sembuse bati lile lenye viti vya nguo. Pale ndipo nilipomwona huyo Odeta. Mwembamba, kofia ndogo imebandikwa pembeni ya kichwa, anatabasamu kwa kila mtu hata kwa wasiostahili. Akanyoosha mikono akitaka kibuyu akiweke kwenye makabati ya juu na mabegi ya watu. Nikakikumbatia. Akasema maneno mengi, sikujali. Akainama akanifunga mkanda tumboni kama ndama, nikamwachia, maana kibuyu kilibaki kwangu.

Jirani yangu alikuwa bwana mwenye tai. Alipokiona kibuyu akatazama dirishani, akatazama kibuyu, akasogeza midomo, sikujali, akainuka akahamia nyuma. Mama wa upande wa pili akajifanyia ishara ya msalaba na kumfunika mtoto wake uso. Nikapata nafasi ya watu wawili, nikakaa kama mtemi. Hiyo ndiyo elimu tuliyowapeleka watoto shule wakaipate.

Huko hewani kibuyu kikavunjika. Nitalirudia hilo.

Tulipotua, Machibya alikuwa mlangoni na suti yake. Akafungua kanga akaona vipande. Akaniuliza, na hilo hata kipofu angejua anauliza nini. Niliinua kidole tu, nikaelekeza nyuma, kwenye ndege. Kidole kimoja, Getruda, basi. Na wakati ule ule binti Odeta akawa anatoka akivuta kibegi chake. Machibya akamwendea. Akamfokea mbele ya watu, mishipa ya shingo imemsimama, vidole viko usoni pa binti wa watu. Yule binti akanitazama mimi. Mimi nikatazama viatu vyangu. Halafu midomo yake ikasema samahani. Neno hilo nalijua hata kwa kuliona. Machibya akaandika jina lake lililoko kifuani, na tangu siku hiyo hajapoa.

Sendofu yenyewe nisikuchoshe. Ukumbi umepambwa kwa vitambaa vya kutosha kuvisha tarafa nzima. Mshereheshaji, kijana mwenye viatu vyeupe, anacheka kabla ya kumaliza anachokisema. Dijei ana spika ndefu kama makabati. Nilikwenda nikasimama karibu nazo kabisa, mpaka watu wakanitazama wakicheka, kama wanaosema loo, mzee anapenda muziki wa vijana. Nilisimama pale kujua kuna nini. Hamna kitu. Kinakusukuma kifuani kama teke la ndama, basi. Kusukumwa si muziki.

Machibya akaniletea bakuli la plastiki la saladi, nilifunge kwenye upinde badala ya kibuyu. Alikuwa hatanii. Mtoto wangu, damu yangu, mtu aliyelala mgongoni kwa mama yake akisikia ndono, amesimama mbele yangu na bakuli lenye maua. Nikamwambia akalie humo saladi yake. Zamu yangu ilipofika mshereheshaji akawatangazia watu jambo, nadhani ni habari ya kibuyu, kwa sababu wote walinigeukia na nyuso za huruma, hata wakwe. Mimi, Ndalahwa, nahurumiwa na watu wanaokula kuku kwa uma.

Nikabaki nimekaa na mti na waya juu ya magoti. Winnie akatoka pale mbele na gauni lake refu, akaja akapiga magoti miguuni pangu, akanishika mikono yote miwili, akaniambia maneno. Hayakuwa machache. Machozi yalikuwa yanamtoka. Alipomaliza akaningoja. Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo. Akanikumbatia, akaondoka.

Mpaka leo sijui nimekubali nini.

Sasa kaa vizuri, mdogo wangu. Mimi sisikii.

Kila mahali hapo juu nilipokuandikia kwamba sikujali, ujue sikusikia. Simu sipokei kwa sababu nikiiweka sikioni ni kama nimeweka tofali. Kanisani nasimama wakisimama na kupiga magoti wakipiga. Ilianza kidogo kidogo, miaka mingi baada ya zile mashine za kufuma kunyamaza. Wakaondoka ndege wa asubuhi, ikaondoka mvua juu ya bati, zikaondoka samaki kwenye mafuta, nikawa namwona Modesta anakaanga kama mtu anayekaanga ndotoni. Halafu wakaondoka watu. Modesta amebaki kwa mbali akipayuka, na huwa anapayuka kwa kila mtu, ndiyo maana hajashtuka. Anaona tu nimekuwa mkaidi zaidi, na ukaidi kwangu si habari mpya. Sikumwambia kwa sababu nawajua. Wangenipeleka hospitali nikachomekwe kidude sikioni kama njugu, halafu kila mtu aniongeleshe polepole akitoa macho. Au wangeacha kabisa kuniongelesha, kama tulivyokuwa tunamfanyia bibi.

Kitu kimoja tu hakikuondoka, ndono. Ndono haipiti masikioni, inapita kifuani. Kila jioni nilikuwa nakaa nyuma ya nyumba, nafungua shati, nakibana kibuyu cha mama hapa chini ya mfupa, nagonga waya, na dunia inarudi. Yote, Getruda. Nilikuwa nasikia mpaka vidole vyangu vinavyosugua ganda. Modesta anasema uzeeni nimezidisha ndono. Hajui nilikuwa naenda pale kama mtu anavyokwenda kisimani.

Ndani ya ile ndege nilikuwa nimekishika hivyo hivyo, kwa mazoea, shati wazi, kinywa chake kifuani. Bati likaanza kukimbia, likainuka. Na kibuyu kikaanza kuimba. Sikugusa waya wala kijiti, upinde ulikuwa miguuni. Kikaimba chenyewe. Sauti nzito, ndefu, haina mwisho, kama mama anasaga mtama kwenye jiwe na sisi tumelala mkekani, unaikumbuka? Nilikuwa nasikia ndege. Nasikia kitu ambacho sikukipiga mimi. Tangu lini? Machozi yakanitoka, na usimwambie mtu hilo.

Nikakikaza, sauti ikaongezeka. Nikakikaza zaidi, ikaja na nyingine nyembamba juu yake. Odeta akaja akainama kunisemesha, nadhani aliona machozi, na naapa, Getruda, mdomo wake ulipofunguka nikadhani nimesikia kitu hapa kifuani. Uzi mdogo wa sauti ya mtu. Sikupata neno, lakini ilikuwa sauti ya mtu. Nikasema nikikaza kidogo tu nitalipata neno. Nikakikumbatia kwa mikono yote miwili, kwa nguvu zangu zote, na unajua mikono yangu, nilikuwa nabeba mabunda ya pamba peke yangu. Kikapasuka.

Mlio wa kupasuka niliusikia. Ndiyo sauti ya mwisho niliyoisikia kifuani, na ilikuwa kubwa, safi, kama mtu ameniita jina.

Odeta aliona yote. Alipiga magoti kwenye ile njia nyembamba akaokota vipande mpaka vile vilivyokwenda chini ya viti vya wenye tai, akavifunga kwenye kanga, akanipangusa uso kwa karatasi yao, akanifunga vifungo vya shati kimoja kimoja. Hakuita mtu. Na kule nje Machibya alipomfokea, angeweza kusema ni mzee mwenyewe, nimemwona. Akanitazama, akaona sitaki, akasema samahani. Nimewadharau watu wengi na wengi walistahili. Huyu simdharau.

Kwa hiyo mambo yangu ni haya. Machibya mwambie aache. Mwambie kwa ukali wako ule, wewe ni shangazi yake, mimi akinibishia sitajua amenibishia nini. Ya masikio mwambie au usimwambie, nakuachia.

Winnie muulize aliniambia nini siku ile, lakini muulize kwa akili, asijue kwamba sikusikia. Halafu niandikie kwenye karatasi, herufi kubwa, maneno yake yote, usiyafupishe.

Na kubwa ni mbegu. Kwetu mbegu za kibuyu cha ndono hazikai kwa mwanamume. Zinakaa kwa binti wa nyumba, akiolewa anaondoka nazo, na mama alikupa wewe ukizifunga kwenye pindo la kanga siku unavuka kwenda kwa shemeji. Najua bado unazo, kwa sababu kila miaka michache huwa unaotesha kimoja ili mbegu isife, halafu unakitia maziwa, jambo ambalo nimelikemea mara nyingi. Sasa nisikilize. Usinishauri tukishone kile kilichopasuka. Kibuyu kilichoshonwa kinabeba maziwa, hakiimbi. Unajua na mimi najua.

Vuli ikinyesha panda zote, usibakize hata moja. Panda kando ya ukuta wa jiko ili kibuyu kipande paani chenyewe. Chini usikiache kilale, udongo unakipa tumbo la upande. Kikifika ukubwa wa kichwa cha mtoto anza kukigeuza asubuhi, wewe mwenyewe, usimtume mtu, na kama mgongo unakataa uambie mgongo ni Ndalahwa ameagiza. Kikae paani mpaka kiangazi kikikaushe. Usikichume kikiwa na maji kwa kunionea huruma. Nakuona unapiga hesabu, vuli mpaka kiangazi, na miaka yangu themanini na moja. Hiyo hesabu si kazi yako. Nimeishi kuliko wengi, nitashindwaje kuishi kuliko kibuyu kibichi? Wewe panda.

Na usije huku mbio mbio kunililia. Ukija, nitajifanya nimelala.

Nikomee hapo, mkono umechoka ingawa hautaki kukiri. Msalimie shemeji, wasalimie majirani wote isipokuwa yule aliyesema ndono ni ngoma ya washamba. Barua hii anakuletea Kashindye, anavuka Kamanga na mzigo wake wa dagaa. Mpe chai lakini usimpe habari.

Ni mimi kaka yako mkubwa,
Ndalahwa Mashimba

Kama yupo atakayekwambia kaka yako amezeeka sasa anasingizia ndege iliimba, shahidi ninaye. Machibya hakuwepo. Bwana wa tai alihamia nyuma. Ni Odeta, yule binti wa ndege mwenye kofia pembeni. Aliweka kiganja chake juu ya kibuyu kabla hakijapasuka, na nilimwona usoni. Naye alikisikia.